Gharama ya Nozeli Huanzia kwenye Tanki

Chukua Toyota Hiace yenye injini ya 2KD, ile ya lita 2.5, inayotetemeka ikiunguruma imesimama na kutoa moshi mweusi kila inapopanda kilima. Ipeleke kwa mafundi watatu. Wa kwanza ataisikiliza, atatikisa kichwa na kusema nozeli zote nne zimekufa, zifungwe mpya. Hesabu yake itapita dola 1,000 kirahisi. Wa pili atakwambia anazo nne za mtumba kutoka Dubai, na atakufungia leo hii kwa robo ya fedha hizo. Wa tatu atasema zifunguliwe, zisafishwe, zibadilishwe ncha, gari lirudi kazini. Huenda hakuna hata mmoja anayekudanganya kwa makusudi. Bado wote watatu wanaweza kuwa wamekosea, kwa sababu hakuna aliyepima kitu.

Watu huuliza bei ya nozeli kama wanavyouliza bei ya betri, na muuza spea anawajibu kwa moyo mkunjufu. Lakini bei ya dukani ni kipande tu cha gharama. Fedha kubwa hupotea kabla ya hapo, siku mafuta machafu yanapoingia kwenye tanki, na baada ya hapo, pale nozeli mpya inapofungwa bila mtu kujua iliyotangulia ilikufa kwa nini. Ndiyo maana kuna mabasi madogo yanayobadilishiwa nozeli mara mbili ndani ya mwaka mmoja, na wenye mabasi hayo wanabaki kulaumu spea za Kichina.

Tuanze na injini zenyewe, maana kwenye barabara zetu kuna vizazi viwili vya dizeli vinavyotembea pamoja, na bei zake hazifanani hata kidogo.

Kizazi cha zamani ni cha 5L ya Hiace na Hilux, 1HZ ya Land Cruiser, 4D33 ya Mitsubishi Canter. Humo pampu ndiyo bwana mkubwa. Pampu ndiyo inayopima mafuta na kuchagua wakati wa kuyasukuma. Kazi ya nozeli ni kusubiri shinikizo lifike kiasi chake, bar 100 na kitu au 200 hivi kutegemea injini, sindano inyanyuke dhidi ya springi, mafuta yapuliziwe, kisha ijifunge. Ikichoka, fundi pampu anaifungua, anaweka ncha mpya, anarekebisha springi kwa vibati vyembamba, kisha anaipima kwa pampu ya mkono yenye geji huku akitazama kama inapuliza ukungu au inadondosha. Ncha moja ya injini hizo ni kitu cha dola 10 hadi 20 hivi. Seti nzima pamoja na ufundi haimfilisi mtu. Hata kuitafuta nozeli mbovu kulikuwa kazi ya spana moja: injini inaunguruma, fundi analegeza nati za paipu moja baada ya nyingine, na ile ambayo ikilegezwa mlio wa injini haubadiliki, silinda yake ndiyo yenye ugonjwa.

Usithubutu kufanya hivyo kwenye dizeli ya kisasa. Mfumo wa reli ya pamoja, ambao mafundi huuita komoni reli, unayaweka mafuta ndani ya bomba moja nene kwa shinikizo kubwa wakati wote, na nozeli zote huchota humo. Mifumo ya kwanza ya magari madogo ilikuwa na bar 1,350. Ya sasa inafika 2,000 hadi 2,500. Mshale wa dizeli wa shinikizo hilo hupenya ngozi kama sindano ya hospitali, mafuta yakatambaa ndani ya nyama, na watu wamekatwa vidole na mikono kwa jeraha ambalo juu lilionekana kama tundu la mwiba. Ukimwona fundi analegeza paipu ya komoni reli huku injini ikiunguruma, gari lako liko mikononi mwa mtu asiyeijua kazi hiyo.

Denso ya Japani ndiyo iliyotangulia kuuingiza mfumo huu sokoni, mwaka 1995, kwenye lori la Hino. Bosch ya Ujerumani ikafuata mwaka 1997 kwenye magari madogo, Alfa Romeo 156 na Mercedes-Benz C-Class. Toyota ikaleta 1KD ya lita 3 mwaka 2000, na 2KD muda mfupi baadaye. Kuanzia hapo kompyuta ya gari ndiyo inayoamua nozeli ifunguke lini na kwa muda gani. Nozeli yenyewe imegeuka kuwa kifaa cha umeme chenye valvu ndogo ndani yake, na nafasi kati ya vyuma vyake vinavyosuguana ni maikroni 2 au 3 tu. Unywele wa binadamu una unene wa maikroni 70 hivi.

Piga hesabu ya kazi yake. Injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, kila silinda inachoma mafuta mara 25 kwa sekunde, na kila mara nozeli hufunguka walau mara mbili: mpulizo mdogo wa kutangulia, kisha mkubwa. Gari lililotembea kilomita 200,000 kwa mwendo wa wastani wa kilomita 40 kwa saa limefanya kazi saa 5,000. Kwa wastani wa mizunguko 2,000 kwa dakika, kila silinda imeshachoma mafuta mara milioni 300. Baadhi ya magari ya mtumba hufika bandarini Dar es Salaam na Mombasa yakiwa karibu na kiwango hicho, au yameshakipita, hata kama dashibodi inasema vingine. Mnunuzi anakagua rangi na viti. Anachonunua ni nozeli zilizokwisha nusu ya uhai wake.

Kwa Kenya hakuna pa kukimbilia, kwa sababu sheria ya kutoingiza gari lililopita miaka 8 imeshazifungia nje dizeli za mtumba za pampu ya zamani. Anayeagiza leo anaagiza kompyuta. Tanzania inaruhusu magari ya zamani kwa kutoza ushuru wa ziada, kwa hiyo vizazi vyote viwili bado vinaingia. Na si bahati kwamba mashirika ya misaada na idara nyingi za serikali bado zinanunua Land Cruiser mpya zenye injini ile ile ya 1HZ iliyoanza mwaka 1990. Wanaopeleka magari mahali ambako dizeli inauzwa kwa kidumu wanajua wanachokifanya.

Sasa bei. Nozeli mpya halisi ya Denso kwa 1KD au 2KD, mara nyingi huangukia kati ya dola 250 na 450 kwa moja, kutegemea namba ya kipuri, duka na nchi. Iliyofanyiwa ukarabati na karakana yenye mtambo wa kupimia huwa nusu ya hapo au zaidi kidogo. Za mtumba na zile za kuiga hushuka chini ya dola 100. Kwa kuwa bei ya asili ni ya fedha za kigeni, thamani ya shilingi inaingia moja kwa moja kwenye mfuko wa mwenye gari. Januari 2024 dola ilifika shilingi 160 hivi za Kenya, na kufikia katikati ya mwaka ule ikawa imeshuka karibu na 130. Nozeli ile ile ya dola 400 ilitoka shilingi 64,000 hadi 52,000 bila kubadilika chochote. Juu yake kuna ushuru wa forodha na VAT, asilimia 16 Kenya, 18 Tanzania na Uganda, na faida ya kila mkono uliopita hadi kwenye masoko ya spea ya Gerezani, Kirinyaga Road au Kisekka.

Kisha yapo yale ambayo fundi hayataji siku ya kwanza. Washa za shaba zinazokaa chini ya nozeli hazirudiwi. Paipu za msukumo mkubwa, watengenezaji wengi wanataka zibadilishwe pamoja na nozeli kwa sababu mdomo wake huminywa ukakaa umbo la ile ya zamani. Filta ya dizeli ni lazima iwe mpya. Nozeli iliyoganda ndani ya silinda hedi kwa masizi inaweza kuchukua siku nzima kung'olewa, na ikikatikia humo, hedi inashushwa. Mwisho kuna namba ya siri. Karibu kila nozeli ya kisasa hupimwa kiwandani na kupewa namba inayoieleza kompyuta tabia yake ndogo ndogo, kwamba hii inamwaga kidogo zaidi, ile inachelewa kidogo. Namba hiyo huandikwa juu ya nozeli na inatakiwa iingizwe kwenye kompyuta ya gari. Ni kazi ya dakika chache kwa mwenye kifaa. Wengi huiruka, gari likaendelea kutetemeka na nozeli mpya zikalaumiwa.

Ila kabla ya kufika kote huko, kuna swali ambalo lingeokoa fedha nyingi kuliko punguzo lolote la duka: ni kweli nozeli ndizo mbovu?

Pampu ya Denso ya injini hizi ina valvu ndogo ya umeme inayopima mafuta yanayoingia, mafundi huiita SCV. Ikianza kukwama, injini inapanda na kushuka yenyewe, inazimika kwenye foleni, inawaka kwa shida, mara nyingine taa ya injini inawaka na mara nyingine haiwaki. Dalili hizo hizo ndizo zinazowafanya watu wanunue nozeli nne. Valvu yenyewe ni sehemu ndogo tu ya bei ya seti ya nozeli na inafungwa kwa bolti mbili. Moshi mweusi nao una vyanzo vingi: filta ya hewa iliyojaa vumbi, turbo iliyochoka, paipu ya hewa iliyopasuka, valvu ya kurudisha moshi iliyokwama. Kutetemeka kunaweza kuwa upungufu wa mgandamizo kwenye silinda moja, na hapo hata uwekewe nozeli za dhahabu hupati kitu.

Kipimo cha kwanza hakihitaji hata kuzing'oa. Kila nozeli ya komoni reli hurudisha kiasi kidogo cha mafuta kuelekea kwenye tanki, na kadiri inavyochakaa ndani ndivyo inavyorudisha zaidi. Fundi anachomoa njia ya marejesho, anaunganisha mpira mwembamba kwenye kila nozeli, kila mpira unaingia kwenye chupa yake ya plastiki yenye mistari ya vipimo, nne zimening'inizwa mbele ya injini. Gari linawashwa, linaachwa liungurume dakika chache. Chupa tatu zinapanda taratibu zikilingana. Ya nne inajaa upesi, karibu mara tatu ya wenzake. Mwenye gari amesimama pale, anaona kwa macho yake, na hahitaji kusomea umakanika kuelewa nozeli ipi imechoka. Kompyuta inaweza kuonyesha jambo hilo hilo kwa namba za marekebisho ya kila silinda, lakini napendelea chupa, kwa sababu hakuna mwenye gari anayeweza kuzungushwa mbele ya chupa nne. Kipimo hiki kikiwa safi, bado ncha inaweza kuwa inapuliza vibaya. Hapo ndipo nozeli zinang'olewa na kupelekwa kwenye mtambo unaozijaribu kwa shinikizo dogo, la kati na kubwa, na kutoa karatasi ya majibu. Malipo ya hatua zote mbili ni madogo ukiyaweka kando ya bei ya nozeli moja mpya. Kinachonisikitisha ni kwamba hatua hizo ndizo zinazorukwa, eti kuokoa fedha.

Zikibainika ni mbovu kweli, uamuzi unategemea ni nini kimekufa. Nyingi za umeme wa koili zinakarabatika: ncha mpya, valvu mpya ya ndani, sili, kisha zinapimwa upya. Ukarabati mzuri ni chaguo la haki kabisa kwa gari la biashara, na ndilo ningemshauri mwenye daladala au matatu kabla ya kununua mpya. Za aina ya piezo, zisizotumia koili, ni habari nyingine. Karakana nyingi haziwezi kuzifungua, na zikifa zinabadilishwa. Za kuiga ni kamari, kwa sababu boksi na nembo vinaigizwa vizuri kuliko chuma. Za mtumba ndizo zinazonitia wasiwasi zaidi, maana zinauzwa kwa sifa ya kutoka Japani ilhali zimechomolewa kwenye injini ambayo hakuna ajuaye ilitembea kiasi gani na kwa mafuta gani. Nozeli ya mtumba yenye karatasi ya vipimo inanunulika. Isiyo nayo ni chuma chakavu chenye bei.

Kuhusu kuahirisha: 1KD na 2KD zina ugonjwa unaojulikana dunia nzima, kuanzia Australia hadi kwetu. Zile washa za shaba chini ya nozeli zikianza kuvuja, gesi ya moto kutoka kwenye silinda hupita pembeni ya nozeli, ikapanda chini ya kava la valvu na kuipika oili. Masizi yanashuka hadi kwenye sampu na kuziba chujio la pampu ya oili. Kuna siku taa nyekundu ya oili inawaka, na kilomita chache mbele injini imenoki. Sehemu ya bei ndogo kuliko zote imeua sehemu ya bei kubwa kuliko zote. Njia ya pili ni fupi zaidi: nozeli inayoganda ikiwa wazi humwaga dizeli mfululizo, inatoboa pistoni au kuosha kuta za silinda hadi oili inageuka nyepesi na kunuka dizeli. Anayeona kiasi cha oili kwenye stiki kinaongezeka badala ya kupungua asifurahi. Azime gari.

Hata isipoua injini, nozeli mbovu inakula kila siku. Tuseme basi dogo linatumia lita 24 kwa siku, na nozeli zimeongeza ulaji kwa asilimia 10. Hizo ni lita 2.4 kila siku, lita 720 kwa siku 300 za kazi. Kwa bei za dizeli za miaka ya karibuni katika ukanda wetu, mafuta hayo yangenunua nozeli mpya halisi moja, na mara nyingi mbili. Mwenye gari amezilipia tayari, ila hakupewa.

Sasa turudi kwenye tanki. Katika magari haya dizeli ndiyo grisi ya pampu na ya nozeli. Hakuna oili nyingine inayopita humo. Mafuta ya taa ni mepesi na hayalainishi vya kutosha, kwa hiyo kila lita ya mafuta ya taa iliyochanganywa kwenye dizeli inavisugua vyuma hivyo vyenye nafasi ya maikroni 2 au 3 vikiwa vikavu. Wakati mafuta ya taa yalipokuwa rahisi kuliko dizeli, uchakachuaji ulikuwa biashara. Mwaka 2011 Tanzania ilipandisha kodi ya mafuta ya taa ili kuziba pengo hilo la bei, na mwaka 2018 Kenya ikaweka tozo ya shilingi 18 kwa lita kwa sababu hiyo hiyo. Hatua hizo zilimgusa mwananchi wa kibatari na jiko la utambi, lakini zilipunguza sababu kuu ya kuchanganya. Kwa upande wa salfa, nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilikubaliana kushuka hadi sehemu 50 kwa milioni kuanzia 2015. Injini za kisasa zilihitaji hilo.

Tatizo jingine ni maji na uchafu, na hivi haviondolewi kwa kodi. Maji huingia kwenye matanki ya chini ya vituo, kwenye vidumu vya njiani, na hata kwenye tanki la gari linalolala nusu tupu, hewa yenye unyevu ikipoa usiku. Filta ya dizeli ina sehemu ya kukusanya maji na taa ya kuonya. Taa hiyo ikiwaka, maji yamwagwe siku hiyo hiyo. Nimewaona madereva wakiendesha miezi na taa hiyo inawaka kwa sababu gari bado linavuta. Kwenye malori ya safari ndefu za Rwanda, Kongo na Zambia hasara ni kubwa zaidi, kwa kuwa nozeli ni sita na nyingi ni ghali kuliko za Toyota. Huko dizeli inayonunuliwa vichakani kurudishia iliyouzwa njiani ndiyo inayokuja kulipiwa karakana. Tajiri anayembana dereva posho akadhani ameokoa, aangalie hesabu yake ya nozeli.

Kwa hiyo nani alipe? Leo analipa mwenye gari peke yake, na kwa maoni yangu hilo si haki. EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati ya Tanzania, kila inapotangaza bei kikomo mwanzoni mwa mwezi, huwakumbusha wanunuzi wadai stakabadhi, kwa sababu ndiyo ushahidi wao endapo wameuziwa mafuta yasiyofaa. Ni wachache wanaoitunza, wachache zaidi wanaochukua sampuli ya dizeli kutoka kwenye tanki siku gari linapozima baada ya kujaza. Bila vitu hivyo viwili malalamiko hayana miguu. Vyama vya wasafirishaji vina nguvu ya kuwafundisha wanachama wao jambo hili, na vina nguvu ya kuzitaka karakana zenye mitambo ya kupimia zikaguliwe na mashirika ya viwango, kama mizani ya sokoni inavyokaguliwa. Mtambo uliopoteza usahihi unahukumu nozeli nzima kuwa mbovu, na mbovu kuwa nzima.

Mpaka hayo yatakapotimia, wewe mwenye gari usikubali nozeli ifungwe au itupwe kwa kusikiliza mlio wa injini. Dai kipimo cha marejesho kifanyike ukiwa umesimama hapo. Dai karatasi ya vipimo ya kila nozeli, ya zamani na ya mpya, yenye namba yake, na uhakikishe namba hiyo imeingizwa kwenye kompyuta. Omba urudishiwe zile za zamani. Kabla gari halijawashwa, tanki lisafishwe na filta ibadilishwe. Fundi anayekataa hayo, chukua ufunguo wako uende kwa mwingine.